Samaki wa Dawa

Haki ya Mungu, habari hii ni ya kweli tupu. Chumvi haimo hata ya kuonja kwa ncha ya ulimi. Mimi Alfonce, mtunza ghala mstaafu, niliyeishia darasa la nne na mengine nikajifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari, naapa mbele ya majirani zangu wote wa Buhare: akitokea mtu akanikamata na uongo mmoja humu, nitakwenda Butiama kwa miguu, viatu nimevitundika shingoni. Wanaonijua wamekwisha kucheka. Wanalifahamu goti langu la kulia. Hata kanisani huwaga napelekwa kwa baiskeli.

Nami nimo humu, ila nimejiandika kwa jina kama mtu mwingine, kwa sababu mtu anayejisimulia kwa "mimi, mimi" anachosha kama mbu. Tena mwenye habari siye mimi. Mwenye habari ni Masatu.

*

Masatu alikuwa mchora mabango katika kijiji chetu cha Majita, pale nchi kavu inapoingia ziwani kama ulimi. Shule ya kuchora hakuijua. Alianza kwa kuandika majina kwenye mitumbwi, akaja kwenye vibanda vya vinyozi, akaishia kwenye kuta za watu. Ukimpa ukuta asubuhi, jioni ukuta unakutazama. Alipochora sato kwenye mgahawa wa Dafroza, paka watatu wa kijiji walihamia chini ya ukuta ule wakazaliana hapohapo. Furukombe naye alishuka toka juu ya ziwa, moja kwa moja, makucha mbele, pu! Mdomo ukapinda. Ndege yule aliishi kwa Dafroza miaka miwili akilishwa uji kwa kijiko, na alipokufa alikuwa ameshazoea sukari.

Masatu mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Maneno alimwachia rafiki yake Alfonce, mtunza ghala la ushirika, kijana mtanashati wa wakati ule, mcheshi, mpendwa wa wote. Alfonce alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akiona picha ya Masatu ina nafasi wazi, mkono unamwasha. Lazima atie neno.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka themanini na tatu, wakati wa dhiki. Ghalani hamkuwa na kitu ila mizani na panya, na panya wenyewe walikuwa wamekonda. Watu walifulia majani ya mpapai. Rangi za dukani zilikuwa hadithi, kwa hiyo Masatu alijitengenezea zake: nyeusi aliipata kwa kusaga kaa la betri kuukuu na kulichanganya na ute wa yai, nyeupe kwa chokaa, nyekundu kwa udongo wa kichuguu. Kwa rangi hizo tatu, na kidonge cha bluu ya kufulia ambacho mama yake alikitunza kama pete, akachora kwenye ukuta wa ghala mche mmoja wa sabuni, mrefu kama mtu, povu linashuka. Hakuandika chochote. Alitaka watu wapite, waone kile wanachokosa, kisha wakaulize mkutanoni kinaishiaga wapi njiani.

Alfonce akaona nafasi chini ya picha. Kabla jua halijachomoza akaandika: FOLENI HAPA.

Saa mbili asubuhi watu walikuwa themanini. Saa sita mkia wa foleni ulikuwa umefika ziwani, na waliokuwa nyuma wamesimama ndani ya maji hadi magotini wakigombania nafasi na viboko. Mgambo aliyetumwa kumkamata mchoraji, alipofika aliuliza kwanza, "Wa mwisho nani?"

Kijiji kilicheka wiki nzima. Masatu hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni, akamwona bibi mmoja aliyefika mbele ya foleni akisugua kiganja juu ya picha, polepole, akakipeleka puani, akanusa. Kisha bibi akaondoka bila kumtukana mtu.

"Wananiamini kuliko ninavyostahili," Masatu alimwambia Alfonce jioni ile.

"Si ndiyo sifa hiyo, bwana!"

"Sifa gani? Huu ni mzigo. Na wewe usiwe unaniongezea maneno, ndugu yangu. Picha yangu ikinyamaza, ujue nimeinyamazisha."

*

Dhiki ikapita. Milango ya nchi ikafunguliwa, zikaja sabuni za kila rangi, nyingine zinanukia matunda tusiyoyajua. Ghala la ushirika likakosa pamba, likapangishwa kwa wanunuzi wa samaki. Malori ya barafu yakawa yanapiga foleni pale pale watu walipopiga foleni ya sabuni, yanafuata sangara. Minofu ilikwenda kupanda ndege. Sisi tukarudishiwa mapanki, kichwa na mifupa, tukayakaanga na kushukuru. Msimamizi wa malori aliitwa Jilala, mtu wa kuja, mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti ya kuamrisha.

Na hapo ndipo dawa ilipoingia ziwani. Wavuvi wavivu waliifuata Mugeta kwa wakulima wa pamba: dawa ile ya kuua wadudu. Wanaimwaga kwenye matete alfajiri, jua likipanda samaki wanaelea tumbo juu, unaokota kama unaokota kuni. Kazi yenyewe iliitwa kupiga dawa, na samaki wake wakaitwa samaki wa dawa. Mtu wa ziwani ukimwambia "huyu samaki wa dawa" anaelewa mara moja, anarudisha bakuli. Neno sumu hakuna aliyelitumia. Sumu lilikuwa neno la polisi. Dawa lilikuwa neno la kazi.

Walianza kufa samaki, furu kwanza, wakafuata gogogo, kisha ndege, nyangenyange, kisha mbwa wa Dafroza. Watoto wakaanza kutapika. Masatu alisimama mkutanoni, japo hakuzoea, akasema, "Jamani, tunajipikia kifo."

"Rudi kwenye makopo yako!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Dawa inauaga wadudu. Kwani wewe ni mdudu?"

Wakaangua kicheko. Waliocheka walikuwa majirani zake. Wengine mitumbwi yao ilikuwa na majina aliyoyaandika yeye. Akakaa chini.

Nyumbani hakukuwa na wa kumweleza. Benedikta, mke wake, alikuwa Butiama kwa mama yake mwezi wa pili sasa, tangu mimba iharibike. Homa inakuja, homa inaondoka, na kila ikiondoka inachukua nyama kidogo. Masatu alibaki na binti yao, Marcelina, wa darasa la nne. Kila Jumamosi alipiga baiskeli hadi Butiama, na akifika alikaa nje ya uzio, Benedikta anatolewa na mkeka wake chini ya ukingo wa paa la jikoni, wanaongea.

Ndani hakuingia kwa sababu ya mama mkwe wake, Bibi Ghati. Kwa watu wale, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Ndoa ilikuwa na miaka kumi na tatu, na Masatu alimjua Ghati kwa kanga yake na kwa kikohozi chake tu. Lakini waliheshimiana sana, na heshima yao yote ilikwenda kwa kutumana. Masatu anapeleka dagaa, Ghati anarudisha ulezi. Mwaka mmoja alimchongea kigoda na kuandika jina lake kwa chini, MASATU. Nasikia Ghati alikuwa akimpa mgeni kigoda kile anakipindua kwanza, mgeni aione sahihi ya mkwe.

Jumamosi ile ya mwisho Benedikta alimshika mumewe kidole.

"Krismasi nirudishe ziwani. Huku hakuna hata harufu ya samaki."

"Nitakuja na baiskeli, nimefunga mto kwenye keria."

"Usije ukachelewa kama mabango yako."

Akacheka. Masatu alirudi na kicheko kile njia nzima, na ndicho alichokwenda kukitia ukutani.

Ukuta ulikuwa uleule wa ghala, unaotazama barabara. Alikuwa ameazimia picha ya sehemu mbili. Kushoto, mwanamke ameketi, bakuli la samaki mapajani, anakula kwa raha. Kulia, mwanamke yuleyule amelala, amefunikwa gubigubi, bakuli limepinduka. Juu yake, maneno: SAMAKI WA SUMU. Mtu aanze kushoto na hamu, afike kulia na kilio. Mkutanoni alikuwa ameongea wakacheka; safari hii hakutaka kuongea.

Kushoto kulimtoka kuliko alivyokusudia. Mwanamke alipata uso wa Benedikta, si wa wakati ule, wa kabla ya homa: mashavu, mwanya, na kile kicheko. Watu walikuwa wanasimama kumwamkia. Marcelina akitoka shule alipita ukutani akasema, "Shikamoo, mama," kisha ndiyo akaenda nyumbani kuchota maji.

Kulia hakukuchorwa. Nyeusi ilikuwa imeisha, na kwa kazi ile Masatu hakutaka kaa la betri. Alitaka nyeusi ya mafuta, isiyooshwa na mvua, ya kumfunika mwanamke na ya kuandikia lile neno SUMU. Akaandika SAMAKI WA kwa rangi nyekundu, akaacha nafasi. Chini pembeni akatia sahihi mapema, kama kawaida yake, ili ukuta usije ukapewa mwingine. Kisha akapanda baiskeli kwenda Kabasa kule Bunda, kwa Nyamhanga mchora malori, kuomba kopo moja la nyeusi.

*

Nyamhanga alikuwa amesafiri. Masatu alimsubiri barazani kwake siku mbili, na siku hizo mbili ndizo zilizotumaliza.

Siku ya kwanza Jilala alipita mbele ya ukuta, akaiona nafasi iliyoachwa. Alijua ni neno gani linakuja, na neno lile likisomeka barabarani malori yake yangegeuza. Akaingia ghalani, akachukua betri kuukuu, akasaga kaa, akachanganya, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: DAWA. Alfonce hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Angekuwepo angemzuia, maana alikuwa mtu jasiri.

Siku ya pili akafika Bibi Ghati. Alikuja katika pikapu ya Mseti, mfanyabiashara wa udaga, ile mihogo mikavu, mtu wa Butiama. Mgonjwa alikuwa ametamani samaki, na mama mtu amekuja kumtafutia. Kwa mkwe wake hakwenda. Alishukia barabarani, mbele ya ghala. Akainua macho akamwona binti yake.

Alimwona mzima, amenona, anacheka, bakuli la samaki mapajani. Kusoma hakujua, ila sahihi ile ya pembeni aliijua kwa umbo lake. Alikuwa ameikalia miaka. Akamwuliza mpita njia mmoja, haya maneno yanasemaje? Mpita njia akamsomea: "Samaki wa dawa."

Mtu wa ziwani angetema mate, angepita. Ghati alikuwa mtu wa juu huko, wa ulezi na mbuzi. Kwake dawa ilikuwa dawa. Na mkwe wake, asiyeweza kumwambia jambo kwa mdomo, alikuwa amemwandikia ukutani, kubwa, na kumchora mgonjwa mwenyewe ili asije akakosea.

Akashuka ufukweni. "Nyie baba zangu," akawaambia wavuvi, "samaki wa dawa anauzwa wapi?"

Wakatazamana. Walidhani anawasuta. Mmoja akamuuzia upesi ili aondoke: sato wawili, wanene, walioelea alfajiri ile.

Masatu alirudi siku ya tatu saa nne asubuhi, kopo la nyeusi limefungwa kwenye keria. Lile neno aliliona toka mbali. Hakukasirika. Alitoa kicheko kidogo puani, cha mtu anayeujua mchezo, akatikisa kichwa, akafungua kopo ili alifute. Mseti, aliyekuwa amerudi na udaga wa gulio, akamkuta pale ameshika brashi.

"Shemeji Masatu! Nimetumwa shukrani na mama mkwe wako."

"Za nini tena?"

"Anasema ujumbe wako wa ukutani ameuona. Anasema hivi, nanukuu: mwambie mkwe wangu, miaka yote sijawahi kuisikia sauti yake, leo nimeisikia. Dawa ameipata. Jana jioni nilimwacha anampikia mgonjwa supu."

Kopo likamponyoka. Nyeusi ikammwagikia miguuni, iliyobaki ikanywewa na mchanga.

Hakuuliza swali la pili. Alipanda baiskeli miguu myeusi hivyohivyo. Njiani alimwomba Mungu mambo madogo madogo: mbuzi awe amekipiga teke chungu; kuni ziwe zilikuwa mbichi; Ghati awe amekumbuka kwamba samaki hupikwa na ndimu, akaenda kutafuta ndimu, akachelewa. Miezi miwili alikuwa amemwombea mkewe hamu ya kula. Sasa alimwomba Mungu ainyime.

Alifika saa tisa alasiri. Wanawake walikuwa wameketi chini uani, wamenyoosha miguu, hakuna anayefanya kazi. Hakuiegemeza baiskeli, aliiacha ianguke.

Ghati akatoka ndani. Watu waligeuza nyuso kwa aibu, kwa sababu alimwendea mkwe wake moja kwa moja, akasimama mbele yake, akamtazama machoni. Masatu akaona kwa mara ya kwanza kwamba mwanya wa Benedikta ulitoka kwa mama yake.

"Nilipika kama ulivyoandika," Ghati akasema.

Hakuwa anamtukana. Alikuwa anauliza. Masatu alifungua mdomo. Angesema "si mimi," ingebidi amtaje mwingine, na kumtaja mwingine kungempunguzia nini Benedikta pale alipolala? Uso wa ukutani aliuchora yeye. Uzuri ule ulikuwa wa mkono wake, na bila uzuri ule neno peke yake lisingemshusha mtu hadi ufukweni. Akainamisha kichwa, kama inavyompasa mkwe. Ghati akajua amekiri. Akamlaani palepale kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, mbele ya kaka yake Burito na ukoo mzima.

Baada ya matanga Masatu alirudi kijijini akachukua patasi na nyundo. Alilitoa lile neno ukutani pamoja na lipu yake, herufi moja moja, akazitia katika kiroba. Pakabaki shimo. Mvua za Elnino zikaja mwaka uleule, rangi zikashuka. Benedikta alififia kuanzia kwenye bakuli, kicheko kikawa cha mwisho kuondoka. Shimo halikuondoka. Nalo ndilo lililofanya kazi ambayo picha ilikusudiwa kuifanya, maana wavuvi wakipita pale na chupa zao za Mugeta waliliona, wakateremsha macho, na kijiji chetu kikaacha kupiga dawa hata kabla serikali haijaja na maboti yake. Masatu hakushika brashi tena. Alichonga mipini ya majembe mpaka alipokufa. Bibi Ghati hakuja kumzika, na wa ukoo wake hakuja hata mmoja.

*

Daftari langu liliishia hapo, nami niliridhika nalo.

Marcelina siku hizi ni mwalimu, anafundisha hapa hapa Buhare. Jumapili akitoka kanisani huja kunisahihishia maandishi, kwa sababu r na l zangu hazijui mipaka yao. Alisoma na kalamu nyekundu mkononi. Kwenye furukombe alicheka.

"Baba mdogo, huyu ndege umeshamkosea. Uji kwa kijiko?"

"Kijiko cha chai."

"Basi umekamatwa tayari. Anza kutafuta viatu."

"Huyo ni ndege, mwanangu. Ndege hahesabiwi."

Akaendelea. Baadaye niliona kalamu imesimama. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaja tena mbele.

"Huyu mpita njia ni nani?"

"Mpita njia tu. Sikuwepo, nilisimuliwa."

"Alikuwa na sare ya shule na ndoo kichwani," akasema. "Ni mimi. Bibi aliniuliza, mjukuu wangu, baba yako ameandika nini hapa? Nikasoma kwa sauti, nimesimama wima kama mbele ya mwalimu. Nilikuwaga wa kwanza darasani kusoma. Akanibusu. Matangani sikupelekwa. Sijamwona tena mpaka leo. Kila nikienda naambiwa amelala."

Sikuwa najua. Miaka yote, haki ya Mungu, na hii ni kweli, sikuwa najua.

Akasimama, akaenda chumbani kwake hapo jirani, akarudi na kiroba kikuukuu. Akapanga juu ya meza yangu vipande vinne vya lipu, kimoja kimoja, kama anampangia mtoto wa darasa la kwanza: D. A. W. A. Kisha akafungua daftari langu pale mgambo anapouliza "Wa mwisho nani?" akaliweka kando ya kile kipande cha tatu.

W yangu sikufundishwa na mtu. Naiandika kama V mbili zilizokumbatiana, miguu imepishana katikati. Nilidhani ni madaha. Sijawahi kuiona kwa mtu mwingine.

"Foleni hapa, umeandika mwenyewe kwamba ni maneno yako," Marcelina akasema. "Jilala alikuwepo kweli wiki ile?"

"Alikuwa Mwanza."

"Basi nani alikuagiza?"

"Hakuna."

"Kwa nini, baba mdogo?"

Ningeweza kumwambia nilihofia malori. Ningeweza kumwambia mengi, na yote yangesikika vizuri.

"Kulikuwa na nafasi," nikasema. "Wavuvi walikuwa wanasemaga dawa, dawa, nikaona Masatu akirudi atacheka. Niliandika huku nacheka peke yangu."

Alifunika kalamu yake nyekundu. Nje watoto walikuwa wanagombania embe.

"Baba alijua?"

"Alijua tangu alipoliona. Siku alipotoka matangani alikuja ghalani kuniazima nyundo. Ndiyo nyundo aliyobomolea hivi vipande. Jioni akairudisha ameifuta vumbi. Hakuniambia neno, siku ile wala siku yoyote. Tuliendelea kukaa pamoja Jumapili, yeye anachonga mpini, mimi napiga hadithi."

Marcelina alirudisha vipande ndani ya kiroba. Mikono yake ilifanana na ya baba yake.

"Butiama ni mbali," akasema, "na goti lako bovu."

"Niliapa."

"Basi vua viatu."

Nilivua. Nilifunga kamba kwa kamba, nikavitundika shingoni. Tulitumia siku mbili, yeye mbele na kiroba kichwani, mimi nyuma na fimbo, na kila baiskeli iliyosimama kutusaidia niliikataa mwenyewe. Siku ya pili mchana tukafika. Bibi Ghati alikuwa ameketi uani anapepeta ulezi. Amezeeka, macho yamefunikwa na ukungu, lakini mwanya upo. Alimtambua Marcelina kwa sauti ya hodi, ileile aliyoisikia kila aliposemekana amelala, akageuza uso upande wa pili. Kando yake kulikuwa na kigoda kimepinduliwa, kimepigwa randa kwa chini, jina halipo.

Mimi si mkwe wake. Mimi naruhusiwa kusema.

"Mama," nikasema, "lile neno la ukutani hakuliandika mkweo. Yeye aliacha nafasi, akaenda kutafuta rangi. Neno alilotaka kuandika ni sumu. Ni mimi niliyeandika dawa, kwa mkono wangu, kwa mzaha."

Ungo ukatulia. Alinyoosha mkono hewani, nikamwinamia, akapapasa, akakuta viatu vyangu vinaning'inia, akapapasa hadi chini akagusa vidole vya miguu yangu, damu na vumbi. Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru.

"Keti chini," akamwambia Marcelina, na kumwonyesha nafasi kando yake juu ya mkeka. Kisha akaniambia mimi, "Wewe usiketi. Nilimlaani mtu mbele ya watu. Sasa nitawaita."

Akamwita Burito, sasa mzee wa kushikwa mkono. Akaita watoto wa Burito, akaita majirani, akatuma watu hadi kule bondeni kwa waliohama. Walikuja mmoja mmoja tangu saa nane hadi jua linapungua, na kila aliyefika Bibi Ghati alisema, "Mwambie na huyu." Nami, nimesimama juu ya goti langu, viatu shingoni, nikaanza upya: ni mimi.